Ubeti mmoja kila alfajiri, unga unapoumuka

Mhariri,

Naandika barua hii saa kumi za alfajiri. Nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na mbele yangu pana beseni la unga nimelifunika kwa leso. Mimi ni mama wa miaka 61, mkazi wa Langoni, Lamu, na kazi yangu ni kupika mahamri na mbaazi. Huu ni mwaka wa 27 nauza hapa mlangoni kwangu, na wanaonijua watakwambia kwamba ikifika saa kumi na mbili sinia la kwanza liko tayari. Lakini baina ya kukanda na kusukuma, unga hutaka kuachwa. Ukiuharakisha hamri halifuri, linakuwa gumu kama kisigino. Muda huo wa kuusubiri ndio saa yangu ya shairi, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Wiki iliyopita mjukuu wangu, aliye sekondari, alikuja na kazi ya nyumbani ya ushairi. Alinitajia bila kigugumizi: tathlitha ni mishororo mitatu, tarbia minne, takhmisa mitano. Ukaraguni ni vina kubadilika kila ubeti. Pindu ni pale neno la mwisho la ubeti linapochukuliwa likaanzia ubeti unaofuata. Wallahi nilifurahi. Nikamwambia, haya mwanangu, nitungie ubeti mmoja wa siku yako ya leo. Akanitazama kama niliyemwomba samaki wa juu ya mnazi. Akasema, "Wa leo? Bibi, kwani leo kuna sherehe gani?"

Sikumlaumu. Tangu azaliwe ameliona shairi likiwa limevaa kanzu na kofia. Hulisikia siku ya Maulidi. Hulisikia harusini. Mwezi wa Novemba, mji wetu ukifanya tamasha la utamaduni, hulisikia likishindania zawadi. Uchaguzi ukikaribia hulisikia jukwaani, mgombea huyu akisifiwa na yule akichambuliwa. Yote hayo ni yetu, na mimi ni katika wanaopiga vigelegele vya kwanza. Lakini baina ya sherehe na sherehe zimo siku nyingi, na siku hizo nyingi ndizo tunazoishi. Siku ya kugombana na mume, siku ya deni, siku ya kumsema jirani vibaya, siku ambayo hakikutokea kitu chochote. Hizo tumeziacha bila shairi, na mimi naona tumejinyima kitu kikubwa.

Na si kwamba wazee wetu walitufunza hivyo. Lamu iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na watu huja kutoka mbali kupiga picha milango na vidaka. Ni vyema waje. Lakini ndani ya nyumba hizo walikaa watu waliokuwa wakijihesabu nafsi zao kwa vina. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetutungia Al-Inkishafi yapata miaka 200 iliyopita, aliyatazama magofu ya Pate, majumba ya matajiri yaliyogeuka makao ya popo, na wala hakugeuka kuuhutubia umati. Aliusemesha moyo wake. Aliuuliza, akaukaripia, akaungoja umjibu. Mwana Kupona binti Mshamu naye, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, beti 102, na aliyemkusudia kwanza ni msikilizaji mmoja, binti yake Mwana Hashima. Hakukuwa na jukwaa. Palikuwa na mama kitandani, na mtoto wake, na wino. Hata Muyaka wa Mombasa, anayekumbukwa zaidi kwa mashairi ya vita na siasa za mji, mambo ya nyumbani na ya ndoa hakuyaona madogo kuliko kalamu yake.

Bibi yangu mzaa mama hakujua kuzisoma herufi hizi ninazokuandikia. Alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyosoma wanawake wengi wa rika lake. Baada ya Isha alikuwa akikaa ukumbini na kandili, akasoma beti tatu au nne za Mwana Kupona kwa sauti yake ya puani, kisha akanyamaza. Akinyamaza, hunyamaza kweli. Nilipokuwa mdogo nilidhani amesahau ubeti unaofuata, nikawa namwonea haya. Halafu huinua kichwa akatuuliza, mmoja mmoja, "Yeo umefanyani?" Yeo ni leo. Si umefanya nini kwa maana ya kazi. Alikuwa akitaka tulipime tulilofanya kwa ule ubeti uliokwisha kusomwa. Dada zangu walikimbilia jikoni. Mimi nilikuwa mzito wa miguu, nikabaki, na ndiyo bahati yangu.

Baada ya bibi kufa ile desturi ilikufa naye nyumbani kwetu, na mimi sikuihuisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nililea, nikauguza, nikauza. Mwaka 2020 ndio ulionirudisha. Mwezi wa Machi serikali iliweka kafyu kwa sababu ya korona, wageni wakaondoka, mashua za Mokowe zikapungua abiria, na vijana waliokuwa wakinunua mahamri kumi kumi wakawa wananunua mawili na kugawana na mama zao. Nilipunguza unga nusu. Mazoea ya kuamka saa tisa usiku hayakupungua. Nikawa nimeamka, kazi ni ndogo, na kichwani mna mengi. Nilichukua daftari la mjukuu lililobakia kurasa, nikaanza.

Nitaeleza ninavyofanya, kwa sababu wenzangu wakisikia shairi hudhani lazima uwe ustadhi. Nahesabu kwa vidole. Ukiacha magumba mawili, mikononi mwako una vidole vinane, na kipande kimoja cha shairi la kawaida kina mizani, yaani silabi, nane. Ukwapi, kipande cha kwanza, ni mikono miwili, utao, kipande cha pili, ni mikono miwili tena, umepata mshororo. Mishororo minne, ubeti umekamilika, mizani 64. Nakanda huku nahesabu, kila kidole kikizama ndani ya unga ni mizani moja, na ubeti mara nyingi huanza kabla sijanawa. Ukishafunikwa unga, naandika. Siku nikiwa na nguvu kidogo natunga wa utenzi tu, vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vina kina kimoja na cha nne kinajitenga. Mtu yeyote anayeweza kuhesabu chenji anaweza kuhesabu mizani.

Sasa nikueleze kwa nini nasema hili si pambo. Itabidi nitoe ya nyumbani, na mdogo wangu ameniruhusu.

Mama yetu alifariki mwaka 2018. Alikuwa na kasha, la mti mzito, lenye misumari ya shaba na droo tatu chini, la tangu enzi za mama yake. Mdogo wangu ameolewa Malindi. Alikuja msibani, akakaa siku tatu, na siku ya nne asubuhi vijana wawili walilibeba kasha lile wakapita nalo mbele yangu, wakateremka mpaka gatini, likapakiwa mashua ya Mokowe, na kutoka huko likapanda basi. Mimi nilikuwa nimesimama papa hapa jikoni. Niliona kila kitu. Sikusema neno. Naye hakusema neno. Miaka miwili ikapita hatupigiani simu, salamu zikipitia kwa watoto.

Asubuhi moja katika mwezi wa pili wa kuandika kwangu nilikanda unga nikiwa na hasira naye, sijui ilitoka wapi, pengine ni harufu ya hiliki. Mishororo miwili ya kwanza ilikuja kwa pumzi moja:

Kasha la mama kubeba, bila hata kuniaga,
Siku ile ya msiba, majonzi yakitupiga,

Nilijiona malenga. Vina vyangu vimeshafungwa, ba na ga, sharti sasa niendelee navyo. Wa tatu nao haukunisumbua:

Wewe ndiwe wa kushiba, moyo wako ni mzoga,

Ukiuhesabu uko sawa. Nane na nane, kina cha kati kipo, kina cha mwisho kipo. Nikauandika. Kisha nikausoma kwa sauti ya chini, kama bibi, nikanyamaza. Mhariri, lile neno mzoga lilinitazama kutoka kwenye ukurasa. Huyu ni mtoto niliyembeba mbeleko. Nilimfunza kuogelea pale mbele ya mji maji yakijaa. Nami nimemwita mzoga, kwa sababu gani? Kwa sababu nilikuwa natafuta kina cha ga. Nikasema hapana, kwa kina tu sitamwita hivyo, nitatafuta neno jingine. Nikaanza kuyapitia maneno yanayoishia hivyo: soga, mboga, kuoga, mwaga, woga.

Woga.

Nilijaribu kulipita likakataa. Nilijaribu kumtupia yeye, kwamba yeye ndiye mwoga aliyeondoka bila kuaga, lakini halikukaa. Likawa linarudi kwangu. Nikajiuliza, basi wewe siku ile uliogopa nini? Kasha linapita mbele yako, ulimi unao, kwa nini hukusema "wewe, hilo unalipeleka wapi?" Na jibu nilikuwa nalo siku zote. Niliogopa kuuliza nisije nikaambiwa kwamba mama alimpa yeye. Maadamu sijauliza, nilikuwa na haki yangu ya kukasirika. Ningeuliza, pengine ningeipoteza. Na liko la pili, ambalo ni zito kuliko hilo. Ufunguo wa kasha ulikuwa kwangu. Ulikuwa umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jiko, tangu siku mama alipolazwa, na siku ile ulikuwa karibu na sikio langu. Nilimwacha mdogo wangu asafiri mpaka Malindi na kasha lililofungwa, na ufunguo nauona. Miaka miwili kila nikifunga mlango ule unalia kwenye msumari, nami nasikia raha. Raha hiyo ndiyo niliyokuwa sijaitaja, wala kwa mtu wala kwa nafsi yangu.

Nilifuta mshororo wa tatu. Ubeti ukawa hivi:

Kasha la mama kubeba, bila hata kuniaga,
Siku ile ya msiba, majonzi yakitupiga,
Ulimi niliuziba, kwa kiburi na kwa woga,
Ndugu yangu kwa mahaba, kinyongo changu namwaga.

Wajuzi wataukosoa, na wana haki. Lakini nieleze kitu kimoja kwa wanaosema ushairi wa vina ni maneno ya kupangwa tu, hauna ukweli. Ningeandika barua ya kawaida siku ile, ningemwita mdogo wangu mzoga, nikaendelea mbele, kwa kuwa katika barua hakuna cha kukuzuia. Ulimi huteleza ukapita pale unapopataka. Vina na mizani ndivyo vilivyonishika mkono. Vilinilazimisha nirudi nikachague upya, na katika kuchagua nikakutana na neno ambalo nisingeliendea kwa miguu yangu.

Ubeti ule niliutuma kwa sauti, mjukuu akinishikia simu. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya, na nilijuta. Siku ya tatu ilikuja sauti fupi: "Dada, ufunguo unao?" Nikamjibu ninao. Zilipofunguliwa safari nilipanda basi kwenda Malindi, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso. Tulilifungua pamoja. Zilikuwemo leso za mama, jozi tisa, udi uliokauka ndani ya kopo, na pete moja ambayo hakuna aliyeikumbuka. Tuligawana pale pale sakafuni. Kasha limebaki Malindi, na sasa najua kwamba mama alikuwa amempa.

Si kila siku ni kasha. Siku nyingi sana ubeti wangu ni wa bei ya unga wa ngano, au wa punda wa jirani aliyelala njiani, au wa goti. Ziko siku nilizoandika vipande viwili nikasinzia. Sizifuti. Lakini hata siku ndogo zina yake. Mwaka jana mtoto wa jirani alikuja kununua mahamri, pesa zake zimepungua shilingi tano, nami nilikuwa na watu wengi na moshi machoni. Nilimfukuza. Kesho yake alfajiri nakanda, nikajikuta nahesabu:

Mwana wa wangu jirani,
kwa shilingi tano duni,
nimefukuza ndiani,
na tumboni hana kitu.

Ndiani ni njiani, kwa Kiamu chetu. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata mara moja tangu litokee. Lilipita kama linavyopita kila kitu asubuhi ya kazi. Ubeti ndio ulionirudishia. Saa kumi na mbili nilimtuma mjukuu apeleke mahamri sita kwao, na huko ndiko alikojua kwamba mama yake yule mtoto alikuwa na homa siku ya tatu.

Ijumaa baada ya swala nazisoma beti saba za wiki. Hilo nalipendekeza kwa mtu yeyote atakayeanza, maana kuandika peke yake ni nusu. Mwezi mmoja nilipozisoma niliona neno "wao" limenirudia katika beti kumi na nne. Wao wamesema, wao wamefanya, wao hawajali. Nikatafuta "mimi". Ilikuwemo mara mbili, na zote mbili nilikuwa nimeonewa. Hakuna jirani wala mke-mwenza ambaye angeniambia hivyo nikamsikiliza. Niliambiwa na daftari langu, kwa mwandiko wangu.

Nimeshawaeleza wanawake wenzangu wa mtaa na nimejibiwa mengi. Yuko aliyesema hana muda. Huyo nilimwuliza simu yake huishika saa ngapi akiamka, akacheka. Yuko aliyesema dhikri inamtosha. Mimi sishindanishi. Dhikri ni ya Mola na haina mfano wake. Ubeti ni wa kuikagua nafsi uliyoileta kwenye msala. Wengine wanaogopa arudhi, yaani kanuni za utunzi, na hawa nawahurumia, kwa sababu tumewatisha sisi. Ubishi wa vina na mashairi huru umekuwapo tangu miaka ya 1970 na sitauingilia. Kwangu mimi vina ndivyo vilivyonifaa, na sababu nimeitoa. Lakini anayeona vina vinamshinda na aandike guni, shairi lenye kasoro za vina na mizani, aandike mistari mitatu bila kina, mradi aandike leo juu ya leo, na kesho juu ya kesho. Na asimwonyeshe mtu, kama hataki. Madaftari yangu saba yako chini ya godoro, na mengi yaliyomo hayatatoka humo.

Walimu nao nawaomba, kwa heshima zote, kwani kazi yao naijua ni nzito. Mtoto akishajua takhmisa ni mishororo mitano, apewe dakika kumi atunge ubeti mmoja wa jambo lililomtokea jana, usiotiwa alama wala kusomwa mbele ya darasa. Mjukuu wangu baada ya kunitajia bahari zote zile alihitaji jioni mbili kuamini kwamba kugombana na rafiki yake juu ya mpira ni jambo linaloweza kutungwa. Alipoamini alitunga. Siwezi kuuandika hapa kwa sababu nilimwahidi, ila kina chake cha mwisho kilimpeleka mpaka kwa rafiki yake, na wameshacheza tena.

Nawe Mhariri nina ombi. Ukurasa wako wa mashairi wa mwisho wa wiki nausoma na kuukata na kuuweka. Washairi wake ni mahodari, wanajibizana vizuri, na wengi wao nawajua kwa majina kama ninavyowajua wateja wangu. Lakini ni mashairi ya beti nane, ya kumpongeza fulani, ya kumlilia kiongozi, ya kukosoa serikali. Tupe pembe ndogo, chini ya matangazo ukipenda, ya ubeti mmoja tu kila siku gazeti linapotoka. Uwe ubeti wa jana wa mtu wa kawaida: kuli wa gatini, mvuvi wa Kizingitini, fundi wa mashua wa Matondoni, mama anayesubiri matokeo hospitalini. Jina lisiandikwe, liandikwe pahali na kazi. Msomaji akiuona ubeti wa mtu aliyekosana na mtoto wake asubuhi hiyo, huenda naye akavihesabu vidole vyake vinane kabla ya kulala. Wa kwanza nitakuletea mimi, na sitauchagua ulio mzuri.

Imebaki kidogo niisukume barua hii pembeni. Mdogo wangu siku hizi hunijibu. Mimi namtumia wangu alfajiri, naye hunirudishia wake usiku, mara nyingine kwa vina vile vile, mara nyingine ananitupia vipya niviandame. Jana usiku kaniletea mshororo mmoja tu, akasema niumalizie:

Unga kwangu hunichosha, haufuri, sina hamu.

Najua si unga anaousema. Mwanawe wa mwisho ameondoka nyumbani mwezi huu. Nimekaa na sha na mu tangu saa tisa, nimepata kipande kimoja nikakifuta, na unga wangu mimi umeshafika ukingoni mwa beseni.

Mama mpika mahamri,
Langoni, Lamu.